Kabla ya Kuipigia Kura Hatifungani ya Shule

Chini ya majina ya wagombea, mara nyingi mwishoni kabisa mwa karatasi ya kura au upande wake wa nyuma, huwa kuna swali refu lenye mamilioni ya dola ndani yake: je, wilaya ya shule ikope kwa kuuza hatifungani, ili ijenge, ikarabati na kuweka vifaa katika majengo yake? Wapiga kura wengi hufika hapo wamechoka, wakaliruka. Wengine hukataa kwa kuwa wameona neno kodi, na wengine hukubali kwa kuwa wameona neno watoto. Mwongozo huu ni wa mzazi anayesoma Kiswahili na anayeishi Marekani, awe Kansas City, Columbus, Houston, Portland au Boise, anayetaka kuamua akijua anachokiamua. Ni wa mwenye uraia na wa asiye nao, kwa sababu sehemu kubwa ya jambo hili huamuliwa muda mrefu kabla ya siku ya kura, tena katika vikao ambavyo mlango wake haudai kitambulisho cha mpiga kura.

Kwa nini shule inakopa

Marekani haina wizara inayojenga shule za nchi nzima. Shule za umma ziko mikononi mwa wilaya za shule zipatazo 13,000, na nyingi kati ya hizo zina bodi ya kuchaguliwa, msimamizi mkuu aliyeajiriwa na bodi hiyo, na mipaka ambayo aghalabu hailingani na mipaka ya mji. Mishahara, mabasi na vitabu hulipwa kwa mchanganyiko wa fedha za jimbo, fedha za wilaya yenyewe na kiasi kidogo kutoka serikali kuu. Majengo ni habari nyingine. Paa, boila, mabomba na madarasa mapya hubebwa zaidi na wenyeji, na majimbo hutofautiana sana katika kuwasaidia. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, katika ripoti yake ya Juni 2020, ilikadiria kwamba asilimia 41 ya wilaya zilihitaji kubadilisha au kutengeneza mifumo ya joto na hewa katika angalau nusu ya shule zao. Hizo ni shule zipatazo 36,000. Nyuma ya hesabu hiyo kuna mtoto anayekaa darasani na koti mwezi Januari, na mwingine anayerudi nyumbani Agosti kichwa kikimuuma kwa joto.

Msomaji aliyetoka Tanzania au Kenya analijua neno hatifungani kupitia zile za Hazina: unaikopesha Serikali, nayo inakulipa riba hadi muda uishe. Hapa umekaa upande wa pili wa meza. Wanaokopesha ni benki, mifuko ya uwekezaji na watu wenye akiba. Wanaodaiwa ni wakazi wa wilaya, na dhamana ni uwezo wa wilaya kutoza kodi ya majengo. Kwa kuwa riba ya hatifungani hizi kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, wawekezaji hukubali riba ndogo, na hiyo ndiyo nafuu ya kukopa kwa njia hii. Bodi hupitisha swali, wapiga kura hulikubali au hulikataa, kisha wilaya huuza hatifungani kwa mafungu kadiri kazi inavyosonga. Kwa kawaida deni hulipwa kwa miaka 20 hadi 30. Katiba ya Missouri hairuhusu deni la namna hii kuvuka miaka 20.

Jambo moja huwachanganya wengi, tena huleta ugomvi usio na sababu kwenye mikutano. Fedha za hatifungani ni za majengo, ardhi na vifaa vya kudumu. Hazilipi mshahara wa mwalimu. Mtu akisimama na kusema, "Waongezeeni walimu kwanza kabla ya kujenga," hoja yake ina uzito, ila vyungu ni viwili. Nyongeza ya mishahara hutoka kwenye kodi ya uendeshaji, ambayo katika majimbo mengi ina swali lake peke yake kwenye kura. Soma kichwa cha swali ujue unaulizwa lipi.

Kansas City, 1967 hadi 2025

Mfano ninaoutumia zaidi ni wa Kansas City, Missouri. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa sana katika familia za wanafunzi wa wilaya hiyo, hasa mitaa ya kaskazini-mashariki ambako wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia wamefanya makao. Na historia yake inaonyesha bei ya kila jibu.

Mwaka 1967 wapiga kura waliidhinisha hatifungani. Baada ya hapo wakakataa, wakakataa tena, mwaka baada ya mwaka, wakati wanafunzi weupe wakihamia vitongoji vya nje na wanafunzi weusi wakibaki katika majengo yaliyokuwa yakioza. Kesi ya ubaguzi ilifunguliwa mwaka 1977. Jaji wa mahakama ya shirikisho, Russell Clark, alipoona wilaya haina fedha za kurekebisha hali hiyo, aliamuru mwaka 1987 kodi ya majengo ipandishwe karibu mara mbili bila kura. Mwaka 1990, katika shauri linalojulikana kama Missouri v. Jenkins, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jaji hakupaswa kuipandisha kodi yeye mwenyewe, lakini angeweza kuiamuru wilaya ifanye hivyo. Mwaka 1995 mahakama hiyohiyo ilibana mamlaka ya jaji zaidi. Hadi mambo yanatulia, karibu dola bilioni 2 zilikuwa zimetumika. Shule mpya zilijengwa, nyingine za kupendeza sana. Wanafunzi hata hivyo waliendelea kupungua, na mwaka 2010 wilaya ilifunga karibu nusu ya shule zake kwa mkupuo mmoja.

Tarehe 8 Aprili 2025 swali lilirudi kwa wananchi: dola milioni 474, kati ya hizo milioni 50 kwa ajili ya shule za mkataba (charter schools) zilizomo ndani ya mipaka ya wilaya. Lilipita kwa kishindo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1967.

Ninachokiona katika miaka hiyo karibu 60 ni kwamba kukataa hakufuti gharama. Paa linaendelea kuvuja, na maji yakishafika kwenye dari, nyaya na sakafu, ukarabati wa dola laki moja unakuwa wa laki tano. Wakati huohuo, fedha nyingi zilizoletwa kwa amri, bila wenyeji kushika kalamu kwenye mpango, hazikuifanya jamii iziamini shule zake. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukikubali au ukikataa, kubali au kataa mpango unaoujua. Na mpango unaonekana kwenye orodha ya kazi.

Orodha ya kazi

Swali lililochapwa kwenye karatasi ya kura huwa pana mno. Husema wilaya itanunua, itajenga, itakarabati na itaweka vifaa, basi. Undani wake, yaani shule ipi inapata nini, umo kwenye azimio la bodi na kwenye mpango wa majengo uliotangulia. Hizo ndizo karatasi za kuomba.

Orodha hiyo huzaliwa mapema. Wilaya humwajiri mhandisi apite jengo kwa jengo, akague paa, msingi, umeme, mabomba, boila, madirisha, ngazi na njia za kiti cha magurudumu, kisha atoe alama ya hali ya kila jengo. Baadaye huundwa kamati ya wananchi ipange kipi kitangulie. Halafu hufuata mikutano ya hadhara, dodoso kwa wazazi, na mwisho kura ya bodi. Missouri, swali likishapelekwa rasmi kwa wasimamizi wa uchaguzi Jumanne ya kumi kabla ya siku ya kura, mlango umefungwa. Kwa uchaguzi wa Aprili, hiyo ni mwishoni mwa Januari. Mzazi anayejitokeza Machi kulalamika kwamba shule ya mwanawe haimo amechelewa. Anayejitokeza Septemba ya mwaka uliotangulia anaweza kuibadilisha orodha. Ndiyo maana nawasihi watu wa jamii zetu waombe nafasi kwenye kamati hizo. Wilaya nyingi hutafuta wajumbe wa kila mtaa, na viti vingi hujazwa na wale wanaojitokeza tu. Kiongozi wa kanisa la Wakongo, imamu, mwenyekiti wa chama cha Watanzania au Wakenya, mama anayejulikana na kila familia kwenye jengo lake la kupanga: hawa wakikaa mezani, shule za mitaa yao hazisahauliki.

Ukiipata orodha, isome kama unavyokagua nyumba kabla ya kuinunua. Tafuta kwanza shule ya mtoto wako na ulinganishe inachopata na alama aliyoitoa mhandisi. Kama jengo lina alama mbaya na limepewa rangi na viti vipya, uliza kwa nini. Kama jengo lenye hali nzuri limepewa mamilioni, uliza zaidi. Kisha angalia mambo yanayogusa uhai na afya: tahadhari ya moto, milango ya kutokea, asbesto, mabomba yenye madini ya risasi, hewa, joto. Haya yanatakiwa yawe juu. Viwanja vya michezo na kumbi za maonyesho si dhambi, na mtoto anayependa mpira anastahili uwanja, lakini visitangulie boila.

Texas wamelitunga hili kuwa sheria: tangu 2019 viwanja vikubwa vya michezo, mabwawa ya kuogelea, kumbi za sanaa na vifaa vya teknolojia huwekwa katika maswali yao wenyewe, visijifiche nyuma ya madarasa. Novemba 2020 wapiga kura wa Dallas walikuta maswali matano. Wakapitisha mawili, la majengo lenye zaidi ya dola bilioni 3 na la teknolojia, wakayaangusha matatu yaliyobaki. Huo ni uchaguzi wa watu waliosoma. Portland, Maine, ambako familia nyingi za Kikongo zimehamia, mwaka 2017 waliwekewa njia mbili kwenye kura moja: kukopa dola milioni 64 kukarabati shule nne za msingi, Lyseth, Presumpscot, Longfellow na Reiche, au milioni 32 kwa shule mbili tu. Walichagua nne. Jimbo lako likiruhusu, idai bodi igawanye maswali namna hiyo.

Lipo swali jingine ambalo watu huona haya kuliuliza, nalo ni muhimu kupita yote: je, shule hii itakuwa wazi baada ya miaka kumi? Wilaya inayopoteza wanafunzi inaweza kuweka paa jipya juu ya jengo ambalo italifunga kabla hata deni la paa hilo halijaisha. Omba makadirio ya idadi ya wanafunzi kwa kila shule, na umtake msimamizi mkuu aseme mbele ya watu ni majengo gani yako kwenye mazungumzo ya kufungwa. Akikwepa, andika kwamba amekwepa.

Hesabu kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji

Vipeperushi hupenda kueleza gharama kwa mwezi, ionekane ndogo. Jifunze kuipiga mwenyewe. Kila jimbo lina namna yake ya kupata thamani ya kutozwa kodi. Missouri, nyumba ya kuishi hutozwa kwa asilimia 19 ya thamani yake ya soko. Tuchukue nyumba ya dola 200,000: asilimia 19 ni 38,000. Kodi mpya ikiwa senti 60 kwa kila dola 100 za thamani hiyo, gawanya 38,000 kwa 100 upate 380, zidisha kwa senti 60, unapata dola 228 kwa mwaka. Ni dola 19 kwa mwezi. Ohio hupima kwa mili, ambayo ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani ya kutozwa. Hesabu ni ileile, kipimo tu ndicho tofauti. Chukua barua ya tathmini ya nyumba yako, au iangalie kwenye tovuti ya mthamini wa kaunti, na ufanye hesabu hiyo kabla ya kusikiliza upande wowote.

Mpangaji asidhani hayamhusu. Mwenye jengo akiongezewa kodi, atajaribu kuiingiza kwenye pango pindi mkataba unapokwisha, ingawa si lazima iwe yote wala mara moja. Kwa upande mwingine, mtoto wa mpangaji anakaa darasa lilelile na mtoto wa mwenye nyumba, na kura ya mpangaji ina uzito uleule. Mzee anayeishi kwa pensheni ndogo naye aulize kuhusu nafuu. Majimbo mengi yana marejesho au punguzo kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, Missouri ikiwamo, na wengi huyakosa kwa kutojaza fomu.

Kisha kuna jumla. Kiasi kilichoandikwa kwenye swali ni mtaji tu. Riba huja juu yake. Wilaya ikikopa dola milioni 100 kwa riba ya asilimia 4 na kulipa kiasi sawa kila mwaka, kwa miaka 20 itarudisha takriban milioni 147. Kwa miaka 30, takriban milioni 173. Hakuna ubaya hapo, ndivyo mkopo ulivyo, na shule inayodumu miaka 50 ina haki ya kulipwa na vizazi vyote vitakavyoitumia. Ubaya ni kuficha. Katiba ya Colorado, tangu marekebisho ya 1992, hulazimisha swali lenyewe litaje kiasi cha deni pamoja na jumla ya marejesho yake. Kwingineko itakubidi uulize: "Tutarudisha jumla ya dola ngapi, hadi mwaka gani?" Mtu wa fedha wa wilaya analo jibu hilo mfukoni. Asipolitoa, usimpe kura yako mpaka alitoe.

Kisa cha Poway, kaskazini mwa San Diego, kinaeleza kwa nini nasisitiza hivi. Mwaka 2011 wilaya hiyo ilikopa dola milioni 105 kwa aina ya hatifungani ambayo malipo yake huahirishwa na riba hujilundika juu ya riba. Malipo yangeanza baada ya miaka zaidi ya 20, na jumla yake ingekaribia dola bilioni 1. Habari hiyo ilipofumuka, Bunge la California lilitunga sheria mwaka 2013 iliyobana mikopo ya namna hiyo: muda usizidi miaka 25, na marejesho yote yasizidi mara nne ya mtaji. Kwa hiyo uliza pia aina ya hatifungani, na uliza malipo yanaanza lini. Jibu zuri ni kwamba yanaanza mara moja na yanakwenda sawasawa.

Utasikia vilevile ahadi kwamba hatifungani haitapandisha kiwango cha kodi. Inaweza kuwa kweli. Denver, Novemba 2024, walipitisha dola milioni 975, pamoja na fedha za kuweka viyoyozi katika shule zilizokuwa hazina, bila kupandisha kiwango, kwa sababu deni la zamani lilikuwa likimalizika na jipya likachukua nafasi yake. Ila elewa maana yake: bila deni jipya, kodi ingeshuka. Unaombwa uendelee kulipa, na hilo ni ombi halali mradi liombwe kwa uwazi. Texas walikwenda mbali zaidi, na tangu 2019 kila swali la hatifungani ya shule huandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ongezeko la kodi ya majengo, hata pale wilaya inaposema kiwango hakibadiliki.

Jibu la hapana

Kukataa ni jibu halali. Houston, Novemba 2024, waliombwa dola bilioni 4.4 na wakakataa, ingawa hakuna aliyedai kwamba shule za Houston ni nzima zote. Jimbo lilikuwa limeiweka kando bodi iliyochaguliwa mwaka uliotangulia na kuteua uongozi wake, na wengi hawakuwa tayari kuukabidhi uongozi huo fedha nyingi kiasi hicho. Mtu akikataa kwa sababu orodha haieleweki, au deni ni la mtindo wa Poway, au hakuna wa kulisimamia, ametimiza wajibu wake. Ila aseme sababu yake, kwa barua au kikaoni, maana bodi itarudi na swali jingine mwaka unaofuata na inahitaji kujua irekebishe nini. Hapana ya kimya huwaacha watoto chini ya paa lilelile bila mtu kujifunza lolote.

Jua pia kiwango cha ushindi kwenu. Majimbo kadhaa hutosheka na zaidi ya nusu. California ni asilimia 55 tangu kura ya mwaka 2000, kwa wilaya zinazokubali masharti ya usimamizi. Missouri, kwenye uchaguzi wa Aprili, ni sehemu nne kati ya saba, yaani asilimia 57 na ushee. Iowa ni asilimia 60. Idaho ni thuluthi mbili. Jimbo la Washington linadai asilimia 60 na pia idadi ya wapiga kura ifikie asilimia 40 ya waliojitokeza kwenye uchaguzi mkuu uliopita, kwa hiyo swali linaweza kuanguka hata wengi wakilikubali. Penye kiwango cha juu na watu wachache, ukoo mmoja uliobaki nyumbani unaweza kuwa ndio tofauti.

Nani apige kura, nani asipige

Hapa naomba usome polepole. Kama wewe si raia wa Marekani, usijiandikishe kupiga kura wala usipige kura, hata kama una kadi ya ukaazi wa kudumu, unalipa kodi ya majengo na watoto wako ni raia. Isipokuwa miji michache mno, kura hizi ni za raia peke yao, na asiye raia anayejiandikisha au kupiga kura anaweza kunyimwa uraia au kufukuzwa nchini. Makosa mengi hutokea kwenye ofisi ya leseni za udereva, pale karani anapouliza haraka kama unataka kuandikishwa. Jibu ni hapana. Usitie sahihi kwenye kisanduku kinachosema wewe ni raia.

Asiye raia anabaki na mengi ya kufanya. Anaweza kuhudhuria kikao cha bodi na kusema katika muda wa wananchi, ambao kwa kawaida ni dakika 2 au 3. Anaweza kujaza dodoso, kuandika barua, kuomba kuingia kwenye kamati ya majengo, kuomba nyaraka chini ya sheria ya jimbo ya uwazi. Mzazi wa Kirundi anayesimama na picha ya dari iliyoanguka darasani kwa binti yake ana nguvu kuliko kipeperushi chochote.

Kwa raia aliyeapishwa karibuni: uthibitisho wa uraia haukuandikishi wenyewe. Jiandikishe mapema, kwa kuwa majimbo mengi hufunga daftari wiki kadhaa kabla, Missouri ikifunga Jumatano ya nne kabla ya kura. Sheria ya haki za kupiga kura haizilazimishi kaunti kuchapa karatasi kwa Kiswahili. Inazitaja lugha za Kihispania, za Kiasia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Lakini kifungu cha 208 cha sheria hiyohiyo kinampa asiyeweza kusoma Kiingereza haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ndugu, jirani au rafiki, mradi asiwe mwajiri wake, wakala wa mwajiri, wala afisa wa chama chake cha wafanyakazi. Msimamizi wa kituo akikuzuia, taja kifungu hicho. Karatasi ya mfano hutolewa siku nyingi kabla. Ichukue, kaa nayo nyumbani na mtu anayejua Kiingereza vizuri, uweke alama majibu yako, kisha uende nayo kama sheria za jimbo lako zinaruhusu.

Shule nazo, kwa kuwa zinapokea fedha za serikali kuu, zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 zisimbague mtu kwa asili yake, na Mahakama ya Juu katika kesi ya Lau v. Nichols ya mwaka 1974 iliifungamanisha sheria hiyo na lugha. Omba mkalimani wa Kiswahili kwenye mkutano wa hatifungani, uombe kwa maandishi, siku kadhaa kabla. Usikubali mtoto wako wa miaka kumi na miwili akutafsirie habari za riba na mili. Kumbuka vilevile kwamba wilaya inaruhusiwa kutoa maelezo, hairuhusiwi kutumia fedha za umma kukushawishi upige ndiyo. Karatasi inayokuhimiza kupiga kura ya upande fulani inatoka kwa kamati ya kampeni, na chini yake huandikwa nani ameilipia. Soma mstari huo.

Baada ya ushindi

Fedha zikishapatikana, watu hutawanyika, na hapo ndipo mambo huharibika. California wamelishughulikia vizuri kuliko wengi: hatifungani iliyopita kwa asilimia 55 lazima iwe na orodha ya kazi zilizotajwa, ukaguzi wa hesabu na wa utendaji kila mwaka, na kamati ya wananchi isiyopungua watu 7 inayofuatilia matumizi na kutoa taarifa hadharani. Jimbo lako lisipolazimisha haya, bodi inaweza kujifunga kwa azimio lake yenyewe. Waambieni wafanye hivyo kabla ya kura, wakati bado wanawahitaji.

Kisha fuatilieni. Kila robo mwaka omba taarifa yenye safu tatu kwa kila shule: kilichoahidiwa, kilichotumika, kilichobaki. Gharama za ujenzi hupanda, na kazi za mwisho kwenye orodha ndizo hukatwa fedha zikipungua, kwa hiyo uliza shule yenu imepangwa mwaka gani. Nyaraka za kila hatifungani inayouzwa kwa umma zimewekwa bure kwenye tovuti ya EMMA, inayoendeshwa na bodi inayosimamia soko la hatifungani za serikali za mitaa. Andika jina la wilaya utaona deni, riba na mwaka wa mwisho wa malipo. Mafundi wetu nao, wapo wengi wa umeme, rangi, vigae na mabomba, waulize mapema zabuni zinatangazwa wapi na masharti ya kampuni ndogo ni yapi.

Kama kwenu kuna swali la namna hii katika uchaguzi ujao, ipigie simu ofisi ya wilaya ya shule wiki hii. Omba mambo manne kwa Kiswahili: orodha ya kazi kwa kila shule, alama ya hali ya kila jengo, jumla ya marejesho pamoja na riba, na majina ya watakaosimamia fedha. Ukiyapata, yapeleke kanisani, msikitini na kwenye kikao cha jamii, myasome pamoja mkiwa bado na muda wa kuuliza.